Sewahaji alikuwa nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Sewa Haji Paroo

Sewahaji ni wodi au ni mtu?

Ni vyote viwili, ila mtu ndiye aliyetangulia. Anayekwenda kumwona mgonjwa Hospitali ya Taifa Muhimbili huelekezwa Mwaisela, Kibasila au Sewahaji. Ni majina ya majengo ya wodi, na wakazi wa Dar es Salaam wameyazoea mno hata ukisema fulani amelazwa Sewahaji, hakuna atakayekuuliza ni wapi huko. Jina hilo ni la Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kihindi wa Bagamoyo na Unguja katika karne ya 19. Fedha zake ndizo zilizojenga hospitali ambayo kwa karibu miaka 60 iliwatibu Waafrika na Wahindi wa Dar es Salaam. Hospitali hiyo ilipofungwa, jina lake lilihamia Muhimbili.

Jina lake hasa ni lipi?

Jina lake yeye ni Sewa. Haji ni la baba yake na Paroo ni la ukoo. Kwa hiyo neno "Haji" hapa si cheo cha mtu aliyekwenda Makka. Watu wa mjini waliunganisha majina mawili ya mwanzo, likazaliwa Sewahaji, na hivyo ndivyo linavyosemwa mpaka leo.

Alikuwa mgeni au mtu wa hapa?

Wazazi wake asili yao ni Kutch, eneo kavu la kaskazini-magharibi ya India ambalo leo ni sehemu ya jimbo la Gujarati. Lakini Sewa Haji mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1851, alikulia huku huku mwambao, na maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kati ya Bagamoyo na Unguja. Alikuwa Mkhoja wa madhehebu ya Ismailia.

Wahindi wa Kutch walikuwa wakija kwa majahazi na upepo wa kaskazi tangu zamani sana. Walipoongezeka ni pale Sayyid Said, sultani wa Omani, alipohamishia makao yake Unguja na kuwafungulia mlango wafanyabiashara kutoka India. Wapo waliokuja wakarudi, na wapo waliokaa wakazaa na wakazikwa huku. Familia ya Paroo ni ya hawa wa pili. Ndiyo maana nikisikia akiitwa "mfadhili kutoka India" huwa sikubaliani. Mtu aliyeshika duka la Bagamoyo tangu ujana wake na kufia Unguja ni mtu wa mwambao.

Utajiri wake aliupataje?

Kwa misafara. Bagamoyo katika miaka ya 1860 hadi 1890 ilikuwa mlango wa bara. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliteremka kutoka Unyanyembe (nchi ya Tabora) na Ujiji wakiwa na pembe za ndovu, na walipandisha wakiwa na bidhaa za dukani. Barabara ya gari au reli haikuwapo, na wanyama wa mizigo waliangamizwa na mbung'o njiani. Kila kitu kilikwenda kwa kichwa na bega la binadamu, mzigo wa kilo 30 hivi kwa kila mtu, mwendo wa kama miezi mitatu kutoka pwani hadi Tabora.

Mwenye msafara, awe Mwarabu, Mswahili, Mnyamwezi au Mzungu, alihitaji vitu vitatu kabla ya kuondoka: bidhaa, wapagazi na mkopo. Duka la akina Paroo lilikuwa navyo vyote. Liliuza nguo za merikani na kaniki, ushanga wa kila rangi (kila nchi bara ilikuwa na rangi yake, na ukikosea hununui hata unga), nyaya za shaba, bunduki na baruti. Kutoka bara likapokea pembe za ndovu, vipusa (pembe za kifaru), meno ya kiboko na ngozi. Mara nyingi bidhaa zilitolewa kwa mkopo, deni likalipwa kwa pembe msafara uliporudi, pengine baada ya mwaka au zaidi. Msafara ukishambuliwa, au ndui ikiwaingia wapagazi, deni lilipotelea huko huko. Ni biashara iliyotaka moyo mgumu na kumbukumbu nzuri ya watu: nani analipa, nani anatoroka, mtemi gani ana vita na nani.

Sewa Haji alikuwa navyo vyote viwili. Wapelelezi wa Kizungu, wamisionari wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti waliokuwa wakielekea maziwa makuu, na baadaye Wajerumani wenyewe, walipita mikononi mwake ili kupata bidhaa na wapagazi.

Ni kweli Stanley aliwahi kumlalamikia?

Ni kweli. Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari, alifika Bagamoyo mapema mwaka 1871 akijiandaa kwenda kumtafuta mmisionari na mpelelezi Livingstone. Tharia Topan, tajiri mkubwa wa Unguja, ndiye aliyemwelekeza kwa kijana wa Kihindi wa kumtafutia wapagazi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1872, Stanley anamwita kijana huyo "Soor Hadji Palloo", na kurasa kadhaa amezijaza lawama: kwamba alicheleweshwa, kwamba nguo alizotoa kwa ajili ya ujira wa wapagazi zilipunjwa.

Hayo ni maneno ya upande mmoja, tena ya mtu ambaye katika vitabu vyake hakuwaonea huruma wengi. Hata hivyo sioni haja ya kumsafisha Sewa Haji. Alikuwa na miaka 20, anafanya biashara na mgeni mwenye fedha nyingi na haraka nyingi. Bagamoyo kwa wakati huo ilijua la kufanya na mgeni wa aina hiyo. Stanley aliondoka tarehe 21 Machi, akafika Unyanyembe tarehe 23 Juni, na wapagazi aliotafutiwa walikuwa miongoni mwa waliomfikisha.

Je, alihusika na biashara ya watumwa?

Swali hili huulizwa sana, na ni haki kuulizwa. Bidhaa yake kuu kutoka bara ilikuwa pembe za ndovu, na wapagazi wa Kinyamwezi waliozibeba wengi wao walikuwa watu huru wanaolipwa ujira. Wahindi waliohesabiwa kuwa raia wa Uingereza walikuwa wamekatazwa kumiliki watumwa tangu miaka ya 1860, ingawa marufuku na utekelezaji wake ni mambo mawili.

Lakini mkono wa mtu hauishii kwenye kaunta ya duka lake. Uchumi mzima wa Unguja na mrima (pwani ya bara), mashamba ya karafuu, majumba, hata baadhi ya misafara yenyewe, ulisimama juu ya jasho la watumwa, na fedha za matajiri wa Kihindi zilizunguka humo. Bunduki na baruti zilizouzwa Bagamoyo zilikwenda kuua tembo, na zilikwenda pia kwenye vita vya bara ambako watu walitekwa na kuuzwa. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yaliwekea biashara ya silaha mipaka kwa sababu hiyo hiyo. Ninayaandika haya kwa kuwa wapo wanaodhani kumheshimu mtu ni kumfanya malaika. Hospitali ile ilijengwa kwa faida ya pembe, nguo na baruti. Anayeitaja hospitali na ayataje na hayo.

Alifanya nini Bagamoyo?

Mwaka 1892 alitoa jengo la ghorofa tatu na kuwakabidhi Wajerumani liwe shule. Katika mji ule, jengo la namna hiyo lilikuwa mali kubwa. Lakini kilichonifanya nimwandikie ukurasa huu ni sharti lililoambatana nalo: shule iwapokee watoto wa rangi zote.

Tuusome mwaka huo vizuri. Ni miaka mitatu tu tangu Abushiri, aliyeongoza vita vya mwambao dhidi ya Wajerumani, anyongwe Pangani. Wajerumani wameanza kutawala rasmi, na wanachotaka kwa Mwafrika ni karani, askari na mlipa kodi. Wahindi nao, kila jamii ilikuwa na watu wake: Wakhoja na jamatkhana yao (nyumba ya ibada), Mabohora na msikiti wao, Mabaniani na hekalu lao. Mtu wa mali alitarajiwa kuwajengea wa kwake kwanza, na hakuna ambaye angemlaumu kama angefanya hivyo. Yeye akaandika kwamba mlango uwe wazi kwa wote.

Na hospitali ya Dar es Salaam ilianzaje?

Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, kwa sababu bandari ya Dar ina kina na Bagamoyo haina. Meli kubwa zilitia nanga mbali na ufuko wa Bagamoyo, abiria wakateremka kwa mashua. Mji mpya ukaanza kujaa watu: makuli wa bandarini, askari, mafundi, wapishi, wachuuzi. Na magonjwa yao.

Sewa Haji akatoa rupia 12,400 ijengwe hospitali. Ilifunguliwa mwaka 1897, mwaka ule ule ambao Wajerumani walimaliza hospitali yao nzuri ya ufukweni, ile ya Ocean Road. Ocean Road ilikuwa ya Wazungu, mahali penye upepo wa bahari. Hospitali ya Sewa Haji ilikuwa mjini, na ilikuwa ya wengine wote. Linganisha mambo haya mawili: dola iliyotawala ilijijengea hospitali yake, na ya raia iliachiwa mfuko wa muuza duka.

Kwa nini alitoa mali kwa Wajerumani, watu waliokuja kututawala?

Wapo wanaomlaumu kwa hili, nami naelewa. Mfanyabiashara mkubwa alihitaji kuelewana na serikali, na zawadi ni njia ya zamani ya kuelewana. Siwezi kusema hilo halikuwamo.

Ila fikiria chaguo alizokuwa nazo. Desturi ya mwambao ni wakfu: mtu anatenga nyumba au shamba, mapato yanahudumia msikiti, kisima, mafukara au kizazi chake. Wakfu unasimamiwa na watu wa dini au wa ukoo, na mara nyingi hubaki kwa watu wale wale. Hospitali ya mji mzima, ya Mzaramo na Mmanyema na Mhindi na Mshihiri, ingesimamiwa na nani mwaka 1893 au 1895? Chombo pekee kilichokuwa na madaktari na kilichodai kuwa cha wote kilikuwa serikali. Akaipa serikali fedha, kisha akajaribu kuifunga kwa masharti. Wakfu wa kawaida una kadhi wa kumshitakia msimamizi anayekiuka. Hapa msimamizi ndiye mtawala, na huyo hakuwa na wa kumshitaki. Hilo ndilo lililokuja kuharibu sehemu ya nia yake, kama nitakavyoeleza.

Wosia wake ulisema nini?

Aliiachia serikali nyumba na viwanja vyake vya Bagamoyo na Dar es Salaam, mapato yake yatumike kuhudumia wagonjwa, wenye ukoma na maskini. Wenye ukoma ndio watu ambao siku hizo kila mji uliwasukuma nje ya mipaka yake. Kuwataja kwa jina katika wosia si jambo dogo.

Alifariki lini?

Februari 1897, Unguja, akiwa na umri wa miaka kama 46. Hospitali ya Dar es Salaam ilianza kufanya kazi mwaka huo huo.

Waingereza walipokuja, hospitali ilikuwaje?

Hapa ndipo penye uchungu. Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwaka 1916, wakauendeleza mji uliokatwa vipande vitatu: Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati, na Kariakoo na mitaa jirani kwa Waafrika, huku uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja ukitenganisha. Hospitali zikafuata mkato huo. Wazungu Ocean Road, Waafrika Sewa Haji.

Basi jina la mtu aliyeandika kwamba shule iwe ya rangi zote likawa alama ya hospitali ya "wenyeji", yaani hospitali ya wale wasioruhusiwa kwingine. Mji ukakua, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, watu wakamiminika kutoka mikoani, na majengo yaliyokusudiwa mji mdogo wa miaka ya 1890 yakaelemewa. Hospitali duni kwa Waafrika haikuwa ajali. Ilikuwa hesabu ya bajeti ya serikali iliyojua nani anapiga kelele na nani hasikilizwi.

Pamoja na hayo, humo ndani kulikuwa na jambo lingine lililofanyika ambalo halikupangwa na mfadhili. Wauguzi na wasaidizi wa tabibu wa Kiafrika walifundishwa kazi katika wodi zile. Uhuru ulipofika mwaka 1961, madaktari wa Kitanganyika walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na huduma za afya za nchi zilibebwa kwa sehemu kubwa na watu wa namna hii. Kwa maoni yangu hili ndilo zao kubwa kuliko yote la rupia zile, na halizungumzwi inavyostahili.

Hospitali ya Sewa Haji ndiyo Muhimbili?

Hapana, lakini Muhimbili imerithi kazi yake. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilijenga hospitali mpya eneo la Upanga. Bintimfalme Margaret wa Uingereza alipotembelea Tanganyika Oktoba 1956, ikapewa jina lake. Huduma zikahamia huko, na hospitali ya zamani mjini ikafungwa na kubomolewa. Baada ya uhuru jina la bintimfalme likaondolewa, pakaitwa Muhimbili. La Sewa Haji halikuondolewa, likapewa jengo la wodi. Nchi huru ilibadilisha majina mengi ya kikoloni, na kwa haki. Hili lilisalimika kwa kuwa watu walikuwa wameshalifanya la kwao.

Ana uhusiano gani na Allidina Visram wa Mombasa?

Allidina Visram alizaliwa Kera, Kutch, mwaka huo huo wa 1851, akavuka bahari akiwa kijana na kujifunza kazi Bagamoyo chini ya Sewa Haji. Baadaye akasimama mwenyewe. Waingereza walipojenga reli ya Uganda, aliifuata na maduka: Mombasa, Nairobi, Kisumu, Kampala, mpaka vituo vidogo ambavyo kabla ya hapo havijawahi kuona duka la kudumu. Ulipofika wakati wa pamba Uganda, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuweka vinu vya kuchambua. Alifariki mwaka 1916, na mwanawe akajenga kwa kumbukumbu yake shule ambayo Mombasa nzima inaijua kwa jina la Allidina Visram. Kwa hiyo duka moja la Bagamoyo limeacha majina mawili: la hospitali Tanzania, na la shule Kenya.

Wapo wengine wa aina yake mwambao?

Wapo. Tharia Topan, niliyemtaja kwa habari ya Stanley, ndiye aliyeanzisha jengo la Unguja linalojulikana kama Old Dispensary, pale Mizingani. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887, naye akafariki mwaka 1891 kabla halijakamilika. Ukoo wa Karimjee ulitoa Dar es Salaam ukumbi wa Karimjee, ambamo Mwalimu Nyerere aliapishwa kuwa Rais mwaka 1962. Kila mmoja ana habari yake ndefu, na sitaki kuzibana hapa.

Kwa nini shuleni hatufundishwi habari zake?

Kwa sababu Mhindi katika historia tunayosoma ana kiti kimoja tu, cha muuza duka anayenyonya. Kiti hicho hakikuwekwa bure. Ukopeshaji wa riba kubwa ulikuwapo, dharau ilikuwapo, na mfumo wa kikoloni ulimweka Mhindi katikati, juu ya Mwafrika. Baada ya Azimio la Arusha na kutaifishwa kwa majumba mwaka 1971, Wahindi wengi waliondoka, na walioondoka waliondoka na kumbukumbu zao. Nao Waismailia, wanaomkumbuka zaidi, humkumbuka wao kwa wao.

Matokeo yake ni kwamba sisi wengine tumebaki na jina lisilo na mtu. Ningependa mwanafunzi wa uuguzi anayepita kwenye jengo lile ajue kwamba jina hilo ni la mtu wa Bagamoyo, aliyefanya biashara ngumu na si zote safi, na ambaye alipofikia kutoa alikataa kuchagua rangi ya atakayepokea.

Nikitaka kuona alama zake leo, niende wapi?

Anza Bagamoyo, kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam. Tembelea Caravan Serai, mahali pa kukumbukia wapagazi na misafara, ndipo uingie Mji Mkongwe na kutembea mtaa wa zamani kuelekea ufukweni na Boma la Wajerumani. Nyumba nyingi za matajiri wa Kihindi zinabomoka, milango ya nakshi imeuzwa au inaoza, kwa hiyo usichelewe. Makumbusho ya Misheni Katoliki yanaeleza vizuri habari za mji wa wakati huo. Wazee wa Bagamoyo ukiwaamkia vizuri na kuketi nao watakuonyesha nyumba ipi ilikuwa ya nani kuliko kitabu chochote.

Dar es Salaam, jengo la wodi lipo Muhimbili, lakini ni mahali pa wagonjwa, si pa watalii. Nenda saa za kuona wagonjwa, ukiwa na mgonjwa wa kumwona.